Madawati si Mrabaha: Gati la Likoni na Haki ya Jirani

Anayetaka kujua jinsi nchi hii inavyotawalwa si lazima aende Bungeni. Na avuke feri, asimame Likoni, aitazame bandari ya Kilindini kutoka upande wa kusini. Huko ndiko mchanga mweusi wa Kwale ulikopakiwa melini kuanzia Februari 2014, meli ya kwanza ikiondoka na tani zipatazo 25,000 kuelekea China. Uchimbaji ulisimama Desemba 2024, mchanga wenye faida ulipokwisha. Miaka kumi na zaidi ilipita kati ya meli ile ya kwanza na siku mashine za mgodi zilipozimwa, na katika miaka hiyo mali ya ardhi ya Wakenya ilipita mbele ya milango ya watu wa Likoni ikiwa juu ya malori.

Hatuandiki ili kuuliza kama kampuni ya Base Titanium ilikuwa na moyo mwema au moyo mbaya. Swali la moyo tunamwachia Mungu. Swali letu ni la kiraia: jirani wa gati alipewa alichopewa akiwa nani? Alipewa kama mwenye haki, au kama mwombaji aliyehurumiwa? Tofauti ya mambo hayo mawili si ya maneno matupu. Mwenye haki hudai hesabu. Mwombaji husema ahsante akaenda zake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa bara ambao huenda wamesikia habari za bandari lakini hawajaliona gati la namna hii. Mabaharia na watu wa bandari husema shehena ya kichele, yaani mzigo usiofungwa: ngano, makaa ya mawe, klinka ya saruji, mchanga wa madini. Hauhesabiwi kwa gunia wala kwa kontena. Humwagwa. Mchanga wa Kwale ulichimbwa katika nchi ya Maumba na Nguluku, ukaoshwa kwa maji mengi, kisha ukatenganishwa kwa sumaku na kwa umeme, yakapatikana madini matatu: ilimenaiti, rutaili na zirikoni. Mawili ya kwanza ndiyo hasa yaliyoletwa kwa malori, mwendo wa kilomita 50 hivi, mpaka ghala la Likoni. Meli ilipofunga gati, mkanda mrefu ulioendeshwa kwa mota uliuchota mchanga ghalani, ukaupitisha juu ya maji, ukaumwaga tumboni mwa meli. Huko ulikokwenda uligeuzwa kuwa unga mweupe wa rangi, ile inayopakwa kuta za nyumba na milango ya makanisa yetu. Zirikoni huishia katika vigae. Huenda mkebe wa rangi unaouzwa dukani Ukunda una chembe iliyotoka maili chache tu kutoka duka hilo, ikazunguka dunia na kurudi kwa bei ya kigeni.

Angalieni jambo moja katika maelezo hayo: mkono wa binadamu haumo. Gati la kichele ni kazi ya mkanda, mota na watu wachache wenye ujuzi. Wazee wa Mombasa wanakumbuka ngano ilivyokuwa ikipakuliwa Kilindini kwa magenge ya makuli, watu wakitia nafaka magunini gatini na kuyabeba magunia kwa mabega. Mwaka 2000 mtambo wa kampuni binafsi ya Grain Bulk Handlers ukaanza kazi, na nafaka ikapanda mkanda kwenda maghalani. Kazi ikawa ya haraka na hasara ikapungua; hilo hatulikatai, maana mkate wa mji hauwezi kungoja mabega ya watu. Lakini vijana wengi waliokuwa wakipata riziki ya siku langoni mwa bandari walibaki langoni. Kwa hiyo anayesema kwamba gati la namna hii litawafaidi majirani kwa ajira hajaeleza ukweli wote. Ajira zipo, na walioajiriwa Kwale na Likoni walizipata na kulisha jamaa zao, lakini kwa namna mtambo ulivyoundwa haziwezi kuwatosha majirani. Kama faida ya jirani haiwezi kuja kwa mabega yake, basi haina budi kuja kwa sheria.

Na sheria ilikuwaje? Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo.

Habari za mchanga wa Kwale zilianza kuvuma katikati ya miaka ya 1990, wakati kampuni ya Tiomin ya Kanada ilipokuja kutafuta madini. Sheria ya madini iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1940, iliyotungwa na serikali ya mkoloni kwa manufaa ya mkoloni, nasi tulikuwa tumeirithi kama tulivyorithi kiti cha gavana, bila kuibadilisha sana ila aliyekikalia. Ndani yake hapakuwa na fungu la mwanakijiji. Madini yalikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa ya wakubwa. Aidha, hadi marekebisho yaliyopatikana mwaka 1997 baada ya mapatano ya wabunge wa vyama vyote, wananchi waliotaka kukutana hadharani kuzungumzia jambo kama hilo walihitaji leseni ya mkutano kutoka kwa wakuu wa utawala wa mkoa. Fikirini basi: mgeni mwenye mtaji alipewa leseni ya kupima ardhi, na mwenye ardhi alihitaji leseni ya kuizungumzia.

Hata hivyo wakulima wa Kwale hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Mombasa iliizuia kampuni kuendelea na kazi, kwa kuwa sheria mpya ya mazingira ya mwaka 1999 ilitaka athari zichunguzwe na kibali kitolewe kwanza. Katika mipango ya siku hizo gati lenyewe lilikusudiwa kuwa Shimoni, jirani na hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, mahali ambapo watu wa Wasini huishi kwa samaki na kwa wageni wanaokuja kutazama pomboo. Kelele za wenyeji na za wapenda mazingira zilikuwa kubwa. Leseni ya kuchimba ilitolewa mwaka 2004, mradi ukasuasua, na mwaka 2010 ukachukuliwa na kampuni ya Base Resources ya Australia. Mwishowe gati lilijengwa Likoni, ndani ya bandari iliyokwisha kuzoea meli. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba mahali pa gati hapaandikwi na Mwenyezi Mungu. Watu walisema, na mambo yakabadilika.

Sasa tuje kwenye hisani. Kampuni ilijenga na kusaidia mambo mengi, na anayekana anasema uongo. Shule zilipata vyumba na vifaa, wanafunzi walilipiwa karo, zahanati zilijengwa, wakulima wa Kwale walisaidiwa kulima pamba na kuiuza kwa ushirika. Mama aliyejifungulia karibu na nyumbani badala ya kubebwa kwa pikipiki usiku hahitaji hotuba yetu kuhusu katiba. Tunalisema hili bila kejeli.

Lakini nchi hii ina historia ndefu ya zawadi. Sisi tuliopigania kuondolewa kwa kifungu cha 2A, kilichoondolewa Desemba 1991, tunaikumbuka vizuri harambee ya siku zile. Mkubwa alishuka na msafara wa magari, akatoa kitita mbele ya umati, kwaya ikaimba, chifu akaamuru makofi. Hakuna aliyeuliza fedha zimetoka wapi, maana kuuliza kulikuwa utovu wa adabu, na wakati mwingine kulikuwa uhaini. Mara nyingi fedha zile zilikuwa kodi ya umma huo huo, imezungushwa kichochoroni na kurudi ikiwa imevaa jina la mtu. Madhara ya harambee ya namna ile hayakuwa kwamba shule hazikujengwa. Zilijengwa. Madhara yalikuwa kwamba raia alifundishwa kumshukuru anayemrudishia sehemu ndogo ya chake.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Madini mpya, na hapo mambo yalibadilika kwenye karatasi. Sheria inasema kwamba mrabaha unaolipwa na mchimbaji ugawanywe hivi: katika kila shilingi 100, serikali ya taifa ichukue 70, serikali ya kaunti 20, na jamii ya mahali pa mgodi 10. Ni hatua kubwa, na wote waliokesha wakiitetea wanastahili heshima. Tusidanganyane lakini kuhusu ukubwa wa fungu hilo. Mrabaha si bei ya mchanga. Ni sehemu ndogo ya bei. Tuchukue kwa mfano mrabaha wa asilimia 5. Mchanga ukiuzwa kwa shilingi 100, mrabaha ni shilingi 5, na sehemu ya kumi ya shilingi 5 ni senti 50. Hiyo ndiyo haki ya mwanakijiji katika shilingi mia ya ardhi yake. Na hata senti hizo hazikumfikia kwa wakati, kwani kwa miaka mingi baada ya 2016 mafungu ya kaunti na ya jamii yalikaa Nairobi, huku kampuni ikisema imekwisha kulipa, na viongozi wa Kwale wakipanda na kushuka ngazi za Hazina ya Taifa. Hapa lawama si ya mgeni. Ni ya serikali yetu wenyewe, tuliyoichagua kwa kura za vyama vingi.

Likoni nayo? Likoni iko Kaunti ya Mombasa. Mgodi uko Kaunti ya Kwale. Sheria inapotaja jamii ya mahali uchimbaji unapofanyika, inamtaja mtu wa Maumba na Nguluku, na ni sawa kabisa, maana ndiye aliyehamishwa. Haimtaji mtu aliyeishi pembeni mwa barabara ya malori wala mvuvi anayetupa nyavu karibu na njia ya meli. Fungu la asilimia 20 la kaunti nalo halikuandikiwa Mombasa. Ada za bandari huingia katika Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, nayo ni mali ya serikali ya taifa, ingawa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti na kuondoa tu usimamizi wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa. Mabishano juu ya sentensi hiyo moja yameendelea tangu kaunti zianze mwaka 2013, na mwenye gati jirani anaendelea kungoja.

Mlango mmoja ulifunguliwa mwaka 2017. Kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Madini zinamtaka mchimbaji mkubwa afanye mkataba wa maendeleo na jamii inayoathiriwa na shughuli zake, na atenge kwa ajili hiyo si chini ya asilimia 1 ya mapato ya mauzo, pesa zisimamiwe na kamati wanamoketi wananchi. Kwa jirani wa gati asiye na mgodi, huo ndio mlango wa kisheria. Soma tena neno lenyewe: mkataba. Si zawadi, si huruma, si uungwana wa mzungu. Ni deni lililoandikwa. Basari inayotoka katika asilimia hiyo ni fedha ya mzazi, naye hana haja ya kupiga magoti anapoipokea.

Ndiyo maana tunaumia tunapoona hundi kubwa ya karatasi imeshikwa mbele ya kamera, mheshimiwa upande huu na meneja upande ule, na mtoto amewekwa katikati kama pambo. Tungependa kuona kitu kingine kimeshikwa mbele ya kamera: daftari. Mwaka huu mauzo yalikuwa kadha, asilimia 1 yake ni kadha, kamati ilipokea kadha tarehe fulani, ikatumia hivi, salio ni hili. Daftari hilo lingebandikwa ukutani katika ofisi ya chifu, kwenye mlango wa kanisa na kwenye baraza la msikiti. Mwananchi akijua hesabu, siku mradi unapofungwa hataachwa na kumbukumbu za sherehe peke yake. Likoni na Kwale siku hiyo imekwisha kufika.

Wapo watakaosema kwamba tunachokoza wawekezaji, na kwamba mgeni akisumbuliwa ataondoka. Mgeni huyu ameondoka bila kusumbuliwa, mchanga umekwisha. Bandu bandu huisha gogo. Lililobaki Likoni ni ghala, gati, na swali la mzigo gani utakaofuata na kwa masharti ya nani. Jirani hapo Dongo Kundu serikali inajenga eneo maalumu la viwanda na gati lake. Kipevu gati jipya la mafuta lilizinduliwa mwaka 2022. Shimoni kule kule kulikokataliwa mchanga kulianza kujengwa bandari ya uvuvi. Pwani nzima inapimwa kwa kamba. Kama hatukuweka desturi ya daftari kwa mchanga, hatutakuwa nayo kwa mafuta wala kwa makaa.

Wala tusidhani kwamba kuuliza ni kazi bure. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani juu ya bandari iliyokuwa ikijengwa katika maji yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, pamoja na haki ya kupewa habari na kushirikishwa, ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Fedha hizo hazikutoka mwaka ule wala mwaka uliofuata, na hilo ni somo jingine kuhusu serikali yetu. Lakini uamuzi umeandikwa, na hakuna awezaye kuufuta kwa kusema kwamba mvuvi hana lake baharini. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko huko Lamu, kiwanda ambacho kingeletewa makaa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Si kwamba hawakuitwa kamwe. Waliitwa wakati mambo yamekwisha kupikwa, wakatakiwa kuonja na kusema ni tamu.

Mombasa pia ina mfano wake. Serikali ilipolazimisha makontena yapande reli mpya, malori yakakosa kazi na familia zikakosa riziki, vijana waliandamana mjini wiki baada ya wiki mwaka 2019. Kundi la Okoa Mombasa na wenzake hawakuishia barabarani. Walidai kuiona mikataba ya reli ile, wakanyimwa, wakaenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaagiza itolewe. Novemba mwaka huo baadhi ya karatasi zikawekwa hadharani na waziri wa uchukuzi. Ofisi ile ile iliyosema kwamba karatasi ni siri ilizitoa, na nchi haikuanguka.

Tuseme pia neno zito kidogo, ambalo wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kuelezwa sana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, silaha zikaibwa, na katika siku zilizofuata watu wa kutoka bara wakauawa na kufukuzwa makwao. Maelfu walilala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi ulikuwa miezi minne mbele, na Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mambo hayo baadaye. Tunajua kwamba wachochezi walikuwa na shabaha ya kura. Lakini mchochezi hawashi moto penye maji. Alikuta vijana wa mji wenye bandari kubwa ya Afrika Mashariki hawana kazi bandarini, alikuta watu wanaoitwa maskwota katika ardhi ya babu zao, akawaonyesha adui wa uongo: jirani mwenye jina la bara, maskini kama wao. Lau vijana hao wangekuwa na daftari la bandari mikononi, wangejua mahali pa kupeleka hasira yao, na mahali hapo hapakuwa nyumba ya muuza mboga.

Kwa sababu hiyo tunakataa pia siasa inayosema dawa ya gati ni kuandika majina ya makabila langoni. Mtu wa Likoni ni yule anayeishi Likoni na kuvuta vumbi la Likoni, awe Mdigo, Mkamba au Mluo. Haki ya kwanza katika ajira kwa wakazi wa karibu ni jambo la busara, na sheria inaliunga mkono. Lakini orodha ya wakazi isitungwe na mheshimiwa chumbani, maana tunajua itakavyokuwa.

Tufanye nini basi? Katiba, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote ikiwa zinahitajika kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Tunarudia, kwa Kiswahili. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kuomba. Ofisi inayoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Sheria haiishii kwa ofisi za serikali. Inagusa pia kampuni binafsi iliyo na habari zenye uzito kwa umma kuhusu mazingira, afya na haki za binadamu. Ukinyimwa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo kaulimbiu yake ni kwamba hata mnyonge ana haki.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za haki na amani za parokia za Likoni na Kwale zikae na maimamu, na vikundi vya akina mama, na viongozi wa wavuvi wa fukwe, maana Likoni wengi ni Waislamu na barua iliyotiwa sahihi na upande mmoja ni nusu ya barua. Waandike barua tatu. Ya kwanza iende kwa wizara inayosimamia madini: mrabaha wa mchanga wa Kwale uliolipwa kila mwaka ni kiasi gani, na asilimia 20 na asilimia 10 zilitolewa lini na kwa nani? Ya pili iende kwa Halmashauri ya Bandari: gati na ghala la Likoni ni la nani sasa, kuna mkataba gani juu yake, umebakiza miaka mingapi, na je, yupo mwombaji mpya wa kulitumia? Ya tatu iende kwa kamati za mkataba wa maendeleo ya jamii, ambazo wanachama wake ni majirani zetu tunaokutana nao sokoni: zilipokea kiasi gani tangu siku ya kwanza, na daftari liko wapi?

Hiyo barua ya tatu ndiyo ngumu, na tunajua. Ni rahisi kumwandikia waziri kuliko kumwuliza mzee wa jirani yako hesabu ya karo ambayo mwanao alipewa. Lakini kama tulimdai Rais wa chama kimoja hesabu, huku tukipigwa virungu, hatuwezi kumwogopa mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

Kila barua ifanywe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa ofisi iliyopokea na irudi na mleta barua. Tarehe ya muhuri isomwe kanisani na msikitini juma hilo hilo, na kuanzia hapo siku 21 zihesabiwe kwa sauti.